Vizimba Vitatu na Ukumbi wa Amani: Kuusoma Mji wa Münster

Juu ya saa ya mnara wa kanisa la Lambertikirche, katikati ya mji wa Münster, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, vinaning'inia vizimba vitatu vya chuma. Kila kimoja kinamtosha mtu mzima mmoja, na ndivyo vilivyokusudiwa. Vilipandishwa Januari 1536 vikiwa na maiti ndani. Ukiteremka Prinzipalmarkt, barabara kuu ya mji wa kale, hata dakika tatu haziishi utafika mbele ya Rathaus, jumba la zamani la baraza la mji. Humo mna chumba kiitwacho Friedenssaal, Ukumbi wa Amani, na hapo mji hujivunia mwaka 1648, ulipozimwa moto wa Vita vya Miaka Thelathini, ulioiunguza Ulaya ya kati.

Mgeni hupiga picha vizimba, hulipa kiingilio auone ukumbi, kisha huketi kunywa kahawa chini ya matao. Mara nyingi huondoka na visa viwili mbalimbali: kimoja cha washupavu wa dini na ukatili wa kale, kingine cha watu wenye busara waliokaa mezani wakaelewana. Mimi naona ni kisa kimoja. Ndugu wa imani wa wale waliotiwa vizimbani mwaka 1536 ndio walioachwa nje ya mlango amani ilipoandikwa mwaka 1648. Asiyelijua hilo hajauona Münster, hata akiuzunguka wiki nzima.

Mji wenye mabwana wawili

Münster ni neno la Kilatini *monasterium*, yaani monasteri, lililolainishwa na ndimi za Kijerumani. Mwaka 793 mmisionari Liudger, mzaliwa wa Frisia, pwani ya Bahari ya Kaskazini, alijenga monasteri penye kivuko cha mto Aa, mto mdogo ambao hadi leo unapita nyuma ya kanisa kuu. Mwaka 805 akawa askofu wa kwanza wa hapo. Kanisa kuu lililopo sasa, Paulusdom, lilijengwa karne ya 13 na kutabarukiwa mwaka 1264. Uwanja ulio mbele yake hugeuka soko kila Jumatano na Jumamosi: mboga, jibini, samaki, maua.

Neno "askofu" hapa lisikupite hivihivi. Askofu wa Münster hakuwa mchungaji wa roho tu. Alikuwa mtawala wa nchi: alitoza kodi, aliajiri askari, alihukumu, alipigana na majirani. Nchi yake ilikuwa sehemu ya Dola Takatifu la Kiroma, mkusanyiko wa mamia ya himaya ndogo, miji huru na maeneo ya kanisa, yote chini ya Kaisari ambaye amri yake ilitegemea sana hiari ya walio chini yake. Watu walitafuta kiti cha askofu kama wanavyotafuta kiti cha enzi. Franz von Waldeck alikipata mwaka 1532 kabla hajapewa hata daraja la upadre.

Bwana wa pili alikuwa mfanyabiashara. Münster ulikuwa mmoja wa miji ya Hansa, muungano wa wachuuzi uliotawala biashara ya bahari za kaskazini, na matajiri wake wa nguo na nafaka walikuwa na baraza lao, vyama vyao vya mafundi na kanisa lao. Kanisa hilo ni Lambertikirche, lililoanza kujengwa mwaka 1375. Kwa hiyo ukisimama katikati ya mji unakuwa baina ya mamlaka mbili zilizotazamana kwa miaka mamia: Paulusdom la askofu upande huu, Lambertikirche na Rathaus za wenyeji upande ule. Ugomvi wote wa mji huu umepita katika kipande hicho cha ardhi ambacho mtoto anaweza kukivuka kwa pumzi moja ya mbio.

Ufalme wa fundi cherehani

Mafundisho ya Martin Luther yalipoenea, wafanyabiashara wa Münster waliyapokea haraka, kwa imani na pia kwa sababu yaliwapa nguvu dhidi ya askofu. Mhubiri wao mkuu aliitwa Bernhard Rothmann. Februari 1533 askofu alikubali kwa shingo upande: makanisa ya mitaa yawe ya Kilutheri, kanisa kuu libaki la Kikatoliki. Mambo yangeishia hapo, na Münster ungekuwa mji wa kawaida wa Kilutheri.

Hayakuishia hapo, kwa sababu Rothmann aliendelea kusoma na kubadilika. Akaanza kufundisha kwamba ubatizo wa mtoto mchanga si ubatizo, maana mtoto hawezi kuamini. Wazo hilo halikuwa lake. Mwaka 1525 kikundi kidogo mjini Zürich kilikuwa kimebatizana upya kikiwa cha watu wazima, na tangu hapo wenzao wakaitwa Waanabaptisti, yaani wanaobatiza mara ya pili. Leo, kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambako makanisa mengi hubatiza watu wazima mtoni au ziwani, ni vigumu kuona kosa liko wapi. Lakini wakati ule kubatizwa utotoni ndiko kulikomfanya mtu awe raia, mwana wa kanisa na mtii wa mtawala kwa mpigo mmoja. Anayesema "nitachagua mwenyewe nikikua" alikuwa anafungua nyuzi zilizoshona jamii nzima. Mwaka 1529 mkutano wa dola uliofanyika Speyer ulitangaza adhabu ya kifo kwa kubatiza upya. Wakatoliki na Walutheri, waliokuwa wakigombana juu ya kila kitu, hilo walilikubali kwa pamoja.

Waliowindwa walihitaji kimbilio. Uholanzi wakati huo kulikuwa na wahubiri waliosema mwisho wa dunia umekaribia na kwamba Mungu atachagua mji mmoja uwe Yerusalemu Mpya. Januari 1534 wajumbe wao walifika Münster na kuwabatiza watu wazima zaidi ya 1,000 katika muda wa siku chache. Nyuma yao walikuja viongozi wenyewe: Jan Matthys, mwoka mikate wa Haarlem, na Jan van Leiden, kijana fundi cherehani. Februari 23 ukafanyika uchaguzi wa baraza la mji, na upande wao ukashinda. Nalisisitiza hili kwa sababu husahauliwa: hawakuuteka mji kwa upanga, waliupata kwa kura. Bernhard Knipperdolling, mfanyabiashara wa nguo mwenye jina mjini, akawa meya. Siku nne baadaye wasiotaka kubatizwa walifukuzwa, wazee kwa watoto, katikati ya baridi kali. Hapo ndipo haki ilipogeuka kuwa dhuluma, na hapakuwa tena na njia ya kurudi.

Askofu akauzingira mji. Ndani, fedha zilikusanywa na mali ikawa ya wote. Vitabu vyote isipokuwa Biblia vilichomwa. Sanamu za makanisa zilivunjwa. Zile za mlango wa Überwasserkirche zilifukiwa kwenye ngome, zikalala ardhini hadi mwaka 1898 zilipochimbuliwa, na leo unaweza kuziona makumbusho. Saa ya nyota ya kanisa kuu nayo ilivunjwa. Iliyochukua nafasi yake ilitengenezwa miaka ya 1540 hadi 1542 na bado inatembea, mshale wake ukienda kinyume na saa zetu, na kalenda yake imehesabiwa hadi mwaka 2071. Ukienda, usiikose.

Matthys alikuwa ametabiri kwamba Pasaka ya 1534 ndiyo siku ya ukombozi. Siku ilipofika alitoka nje ya ukuta na wenzake wachache kuwakabili askari wa askofu, akauawa papo hapo. Jan van Leiden, aliyekuwa na umri wa miaka 25 hivi, alishika usukani. Julai aliruhusu, kisha akalazimisha, ndoa za wake wengi. Mji ulikuwa umebaki na wanawake wengi kuliko wanaume, wengi wao waume zao wakiwa wamekimbia, na sheria yake ilitaka kila mwanamke awe chini ya mume. Walioasi amri hiyo waliuawa. Septemba akatangazwa mfalme. Yeye mwenyewe anatajwa kuwa na wake 16, na mmoja wao, Elisabeth Wandscherer, aliyethubutu kumkosoa wakati watu wanakufa njaa, alimkata kichwa kwa mkono wake uwanjani, Juni 1535. Majuma machache baadaye, usiku wa kuamkia Juni 25, wanaume waliotoroka njaa waliwaonyesha askari wa askofu pa kupenyea. Mauaji yaliyofuata hayakuchagua.

Rothmann hakuonekana tena, hai wala maiti. Jan van Leiden, Knipperdolling na Bernhard Krechting walikamatwa, na Januari 22, 1536, mbele ya Lambertikirche, walichunwa kwa koleo zilizopashwa moto hadi wekundu, kisha wakachomwa majambia. Maiti zikapandishwa vizimbani. Huo ulikuwa mnara wa wafanyabiashara, kanisa la wale waliothubutu kuchagua. Askofu angeweza kuvitundika vizimba popote. Alipachagua pale ili kila mwenye duka anayefungua mlango asubuhi avione.

Nani aliyetusimulia?

Kabla ya kuendelea, neno moja la tahadhari. Karibu yote tunayoyajua juu ya ufalme ule yameandikwa na maadui zake. Hermann von Kerssenbrock, ambaye historia yake ndefu ya Kilatini ilinakiliwa na kila aliyekuja baadaye, alikuwa kijana wa shule wakati familia za Kikatoliki zinahamishwa. Heinrich Gresbeck, fundi seremala aliyeishi humo hadi karibu na mwisho, ni mmoja wa waliowaonyesha askari njia, na mtu aliyeuza mji wake ana sababu ya kuusema vibaya. Simwiti yeyote kati yao mwongo. Nasema tu kwamba hadithi za harimu ya Jan van Leiden zilikuwa na wateja wengi Ulaya nzima, na zilisaidia kuwatia hatiani Waanabaptisti wa kila mahali, hata wale ambao hawakuwahi kushika kisu.

Na hao walikuwa wengi. Mwezi uleule wa Januari 1536, padre mmoja wa kijiji cha Witmarsum huko Frisia aliacha upadre akajiunga nao. Aliitwa Menno Simons. Alikuwa tayari ameandika dhidi ya Jan van Leiden, na maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuwakusanya waliotawanyika na kuwafundisha kwamba mfuasi wa Kristo hashiki silaha. Wakaanza kuitwa kwa jina lake: Wamennonite.

Msomaji wa mkoa wa Mara ameshashtuka. Kanisa la Mennonite Tanzania lilianzia Shirati mwaka 1934, wamisionari wa Kimennonite walipofika kutoka Pennsylvania, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Wamennonite wa Pennsylvania wengi wao wametokana na Waanabaptisti wa Uswisi waliokimbilia bonde la Rhine na kisha Marekani, si na watu wa Münster. Lakini jina wanalolibeba ni la mtu aliyejiunga na Waanabaptisti katika mwezi uleule ambao vizimba vilikuwa vinapandishwa. Mtu aliyebatizwa Musoma ana haki ya kuutazama mnara ule kama jambo linalomhusu.

Amani iliyohitaji miji miwili

Sasa turuke miaka 80 hivi. Mwaka 1618 ugomvi wa Waprotestanti wa Bohemia, sehemu ya Ucheki ya leo, na Kaisari Mkatoliki ulilipuka kuwa vita. Dini ilikuwa kuni, ila si kuni pekee. Uswidi ya Kilutheri iliingia mwaka 1630. Ufaransa iliingia waziwazi mwaka 1635, na Ufaransa ilikuwa ya Kikatoliki ikipigana upande wa Waprotestanti, kwa kuwa iliiogopa familia ya Habsburg iliyotawala Vienna na Madrid pia. Waholanzi nao walikuwa wakipigana na Uhispania tangu 1568. Majeshi yaliishi kwa kupora vijiji, na kwa njaa na tauni kuna majimbo yaliyopoteza zaidi ya theluthi ya watu wake.

Kusimamisha vita kama hivyo hakukuwa suala la nia njema tu, kulihitaji ufundi. Balozi wa Papa, Fabio Chigi, alikatazwa kuketi na wazushi. Waswidi hawakutaka kusuluhishwa na Papa. Wafaransa na Waswidi, marafiki wa vita, hawakukubaliana nani aketi juu ya mwenzake. Kwa hiyo mkataba wa awali uliofanyika Hamburg mwaka 1641 uliamua mkutano uwe mmoja lakini katika miji miwili iliyo umbali wa kilomita 50 hivi: Wafaransa, Wahispania na Waholanzi wakutane Münster, Waswidi na Waprotestanti wengi wa Ujerumani wakutane Osnabrück, na Kaisari apeleke wajumbe kote kuwili. Mwaka 1643 miji yote miwili ilitangazwa kuwa haina upande, na wajumbe wakaanza kumiminika, misafara 109 kwa jumla.

Usifikirie meza kubwa ya duara. Katika miaka ile yote hakikufanyika hata kikao kimoja cha wote pamoja. Wapatanishi wawili, Chigi na Mvenisi Alvise Contarini, walikwenda nyumba hadi nyumba wakibeba maneno ya huyu kwa yule, na wapanda farasi wa posta walibeba barua kati ya miji miwili. Wajumbe waligombana juu ya nani aitwe "Mheshimiwa" na gari la nani litangulie. Ni rahisi kuwacheka. Mimi nawaheshimu, kwa sababu kila saa waliyogombania cheo ilikuwa saa ambayo walibaki mjini, na waliobaki mjini ndio waliomaliza vita. Chigi aliteseka na hali ya hewa kiasi cha kuandika mashairi juu ya mvua ya Münster. Wenyeji hadi leo husema: hapa ama mvua inanyesha ama kengele zinalia, na vikitokea vyote kwa pamoja, ujue ni Jumapili.

Ukiingia Friedenssaal leo utaona kuta za mbao zilizochongwa mwaka 1577 na safu ya picha za wajumbe wale. Utaona jogoo wa dhahabu ambaye ni chombo cha kunywea divai kwa wageni wa heshima. Utaona pia mkono wa binadamu uliokauka, na kiatu kinachosemwa kuwa cha Elisabeth Wandscherer, na hapo visa vyetu viwili vinakutana katika chumba kimoja. Waongozaji wengi watakuambia kuwa hapa ndipo Vita vya Miaka Thelathini vilipomalizwa. Si hivyo hasa. Kilichofanyika ndani ya ukumbi huu ni kiapo cha Mei 15, 1648, cha amani kati ya Uhispania na Waholanzi. Mchoraji Gerard ter Borch alikichora, mikono ikiwa juu, na Uholanzi ikahesabiwa kuwa nchi huru tangu hapo. Mikataba mikubwa miwili, ya Kaisari na Ufaransa na ya Kaisari na Uswidi, ilitiwa saini Oktoba 24, 1648, hapahapa Münster lakini kwenye makazi ya wajumbe, kwa kuwa kila mmoja alitaka heshima ya kuletewa karatasi. Uhispania na Ufaransa hazikuelewana, zikaendelea kupigana hadi 1659.

Karatasi ilisema nini

Mwanafunzi wa siasa na uhusiano wa kimataifa, awe Nairobi au Dar es Salaam, hukutana na "mfumo wa Westphalia", uliopewa jina la eneo lenye Münster na Osnabrück, katika muhula wa kwanza. Huambiwa kuwa hapa lilizaliwa taifa la kisasa lenye mamlaka kamili ndani ya mipaka yake. Wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali dai hilo kama lilivyo, na nadhani wana haki. Watawala wa Ujerumani walithibitishiwa mamlaka juu ya nchi zao na haki ya kufanya mapatano na mataifa ya nje, lakini si dhidi ya Kaisari wala Dola. Dola lenyewe liliendelea kuishi na mahakama zake hadi mwaka 1806.

Ujuzi halisi wa 1648 ulikuwa mahali pengine, na haufundishwi vya kutosha. Waliacha kuuliza nani yuko sahihi mbele ya Mungu. Badala yake walichagua tarehe. Mali za makanisa na haki za ibada zirudishwe kama zilivyokuwa Januari 1, 1624. Palipokuwa na Wakatoliki siku hiyo, wabaki, na palipokuwa na Walutheri, vivyo hivyo. Mtawala akibadili dini, raia wasiburuzwe pamoja naye. Osnabrück, mji ambao hesabu ya 1624 haikuweza kuutatua, ulipewa dawa ya kipekee: askofu mmoja Mkatoliki, anayefuata Mprotestanti, kisha Mkatoliki tena, kwa zamu. Na zamu hiyo ilifuatwa hadi nchi za maaskofu zilipovunjwa mwanzoni mwa karne ya 19. Papa Innocent X aliyalaani masharti ya dini ya mikataba hiyo. Wenyewe walikuwa wameshaandika humo kwamba pingamizi lolote la namna hiyo halitakuwa na nguvu.

Na hapa turudi kwenye vizimba. Mkataba uliwatambua Wakatoliki, Walutheri na, kwa mara ya kwanza, wafuasi wa Calvin, tawi la pili la Uprotestanti. Kisha ukaongeza kwamba nje ya hao hakuna dini nyingine itakayopokelewa wala kuvumiliwa katika Dola. Sentensi hiyo fupi ndiyo kizimba cha nne. Mwaka 1535 mtawala Mlutheri, Philip wa Hesse, alimsaidia askofu Mkatoliki kuuzingira Münster. Baada ya miaka zaidi ya 100 ya kuchinjana, pande zilezile zilipatana, na katika mapatano yao wale wa ubatizo wa hiari waliendelea kuwa hawapo kisheria. Watu wa Menno waliishi kwa hisani ya watawala waliohitaji mafundi na wakulima hodari, kama Altona na Krefeld, pasipo haki waliyoweza kuidai mahakamani. Naupenda ukumbi ule, na ninaamini wajumbe wake walifanya kazi kubwa kuliko majemadari wote wa vita ile. Lakini nikiusimulia bila sentensi hiyo nitakuwa nimesimulia nusu.

Baada ya amani

Hata mji wenyewe haukufaidi sana. Wakati wa mkutano Münster ulikuwa umefunguliwa kutoka utii wa askofu, na wenyeji walitumaini ubaki huru moja kwa moja, chini ya Kaisari tu. Askofu aliyefuata, Christoph Bernhard von Galen, hakuwa mtu wa kusikia hayo. Aliupiga mabomu mwaka 1657, akauzingira tena, na mwaka 1661 ukasalimu amri. Mji wa amani ulivunjwa kwa mizinga ya askofu wake ndani ya miaka 13. Alijenga ngome kuuelekezea mizinga, na mahali pa ngome hiyo sasa pana Schloss, jumba la matofali mekundu na mawe ya rangi ya mchanga alilolisanifu Johann Conrad Schlaun karne ya 18. Kuta za mji zenyewe zilibomolewa na kugeuzwa Promenade, njia ya kilomita 4.5 chini ya miti, inayouzunguka mji wa kale kama pete. Huko ndiko Münster wa leo unakoonekana vizuri zaidi: wanafunzi, wazee, akina mama na watoto, wote juu ya baiskeli. Kukanyaga njia yao kwa miguu ni kosa ambalo kengele zitakukumbusha mara moja.

Schloss ni makao ya chuo kikuu, na hapo kuna jambo linalotuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 1907, mwaka ambao Vita vya Maji Maji vilikuwa vinamalizika kusini mwa Tanganyika kwa njaa iliyopangwa na jeshi la kikoloni, chuo kilipewa jina la Kaisari Wilhelm II, ambaye jeshi hilo lilimtumikia. Kililibeba kwa zaidi ya karne. Baada ya mjadala wa miaka, uliogusa ukoloni, ubeberu na chuki dhidi ya Wayahudi, seneti ya chuo ililiondoa, na tangu Oktoba 2023 kinaitwa Chuo Kikuu cha Münster tu.

Askofu mwingine wa ukoo wa Galen anastahili kutajwa. Agosti 3, 1941, akiwa kwenye mimbari ya Lambertikirche, chini ya mnara wa vizimba, Clemens August von Galen aliwaambia waumini wazi kwamba serikali ya Hitler ilikuwa inawaua wagonjwa wa akili na walemavu, na kwamba huko ni kuua. Zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameshauawa kwa gesi. Nakala za mahubiri zilisambazwa kwa siri hadi kwa askari vitani. Majuma matatu baadaye Hitler aliamuru mpango huo usimamishwe, ingawa mauaji yaliendelea kimyakimya kwa njia nyingine. Galen amezikwa Paulusdom. Mwaka 1536 mnara ule ulitumiwa kuwanyamazisha watu, na miaka 405 baadaye, chini yake, mtu mmoja alikataa kunyamaza.

Mabomu ya Vita vya Pili yaliangusha karibu mji wote wa kale. Rathaus lilianguka Oktoba 1944. Mbao za Friedenssaal zilikuwa zimeng'olewa na kufichwa mapema, ndiyo maana unaona zile za asili. Baada ya vita palikuwa na waliotaka barabara pana na majengo ya kisasa. Mji ukachagua viwanja vilevile vyembamba, matao yaleyale, vipaa vilevile vya pembetatu, ila kwa urembo uliopunguzwa. Kwa hiyo Prinzipalmarkt unayoipiga picha ni ya miaka ya 1950 kwa sehemu kubwa. Mnara wa Lambertikirche nao si ule wa 1536. Uliokuwepo ulibomolewa na wa sasa ukakamilika mwaka 1898, na vizimba vikarudishwa juu. Watu walijenga mnara mpya kabisa na bado hawakukubali kuviacha chini.

Novemba 2022 mawaziri wa mambo ya nje wa G7, kundi la nchi saba tajiri, walikutana katika Friedenssaal, na Kenya ilikuwa kati ya wageni walioalikwa. Kabla ya mkutano, msalaba wa mwaka 1540 unaokaa ukumbini humo uliondolewa, na wenyeji wengi walikasirika. Wengine walisema ukumbi ni wa watu wa dini zote. Mabishano yalijaza magazeti kwa siku kadhaa, juu ya chumba kilekile ambamo watu wa 1648 waliapa amani.

Usiku ndio wakati mzuri wa kwenda. Tangu mwaka 1987, kwa kazi ya msanii Lothar Baumgarten, kila kizimba kina taa moja ndogo ya manjano ndani yake, na huwaka giza linapoingia. Kutoka saa tatu usiku hadi saa sita, kila nusu saa, isipokuwa Jumanne, mlinzi wa mnara hupuliza baragumu kama walivyofanya wenzake tangu karne ya 14. Kazi hiyo ilishikwa na mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Sauti haivumi sana. Ni nene na fupi, na upepo huichukua. Watu walio chini husimama, hutazama juu kutafuta ilikotoka, na vitu vya kwanza wanavyoviona gizani ni zile taa tatu.